Siku moja na hadubini, Kisumu

Mtaani kwetu Nyamasaria wananiita daktari, na mwenye homa hunisimamisha njiani aniulize dawa. Mimi ni mpiga picha tu. Napiga picha za seli.

Saa moja asubuhi nawasha kiyoyozi, nawasha leza, kisha nakaa gizani saa nzima bila kugusa kitu. Hadubini ya konfokali, ile inayopiga picha kwa leza tabaka moja moja, haitaki haraka. Chuma kikipata joto hutanuka, slaidi, kile kioo chembamba chenye sampuli, inasogea nywele moja, picha inatoka na ukungu. Na joto la Kisumu mnalijua.

Saa mbili na nusu mwanafunzi wa uzamili analeta slaidi za damu yenye vimelea vya malaria. Seli nyekundu moja ina upana wa mikromita 7 hivi, yaani sehemu saba za elfu za milimita. Huwa tunaikata kwa mwanga, vipande zaidi ya 20 kutoka juu hadi chini, halafu kompyuta inavipanga viwe seli nzima unayoweza kuigeuza kama chungwa mkononi.

Picha ya kwanza: ukungu. Ya pili: ukungu. Nachomoa lenzi ya 40, inayokuza mara 40, naielekeza kwenye taa, naona inameta. Mafuta! Lenzi ya 100 ndiyo inayotaka mafuta, hii ya 40 ni kavu. Mtu amezungusha lenzi slaidi ikiwa bado imelowa, akaondoka zake. Daftari la zamu, mstari wa jana jioni: mtupu. Basi nakata karatasi ya lenzi, tone la dawa ya kusafishia, napangusa mara moja kuelekea upande mmoja, natupa. Nyingine. Ukisugua umeikwaruza, na bei yake sitaki hata kuitaja. Karatasi kumi na moja.

"Madam, tutamaliza leo kweli?"

Sikumjibu.

Mchana ni ugali na omena, nimesimama. Baadaye tukapata seli niliyokuwa naiota: kimelea kimeshajigawa, watoto wamejazana kama mbegu ndani ya pera, katikati doa jeusi la masalia ya damu waliyokula. Kipande cha 14, ngurumo kutoka ziwani, stima ikapotea. Betri ya akiba iliokoa kompyuta, leza ikazimika. Stima iliporudi, rangi ya seli ile ilikuwa imefifia, maana leza huichoma kila inapopita. Tukaanza kutafuta nyingine.

Sijui tulitoka saa ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba kabla ya kufunga mlango nilibandika karatasi: LENZI YA 40 HAINYWI MAFUTA.