Ilimba yangu ilivyorekodiwa Azania Front

Studio niliyoizoea iko Sinza, kuta zimebandikwa trei za mayai. Sauti inatoka safi, ila ilimba, ile marimba yetu ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ikiingia mle husinzia. Albamu hii ni ya injili, nikaona niirekodi kanisani. Nikaomba Azania Front, kanisa la Kilutheri linalotazama bandari ya Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 1902 enzi za Wajerumani. Barua, wazee wa kanisa, subira. Nikapewa siku tatu, usiku tu.

Usiku wa kwanza tuliutupa. Mle ndani ukipiga kofi moja linakurudia, na vyuma vya ilimba havisubiriani vinyamaze. Mwangwi ulivikoroga vyote vikawa uji. Nyimbo za haraka zinazonoga uwanjani kule Dodoma ziligeuka kelele tupu. Na honi ya meli, kana kwamba imealikwa, ikapasua katikati ya ubeti wa toba.

Usiku wa pili nilipunguza mwendo. Napiga, nanyamaza, mwangwi unaitikia, ndipo naendelea. Tukatandika mikeka sakafuni na vitenge juu ya mabenchi. Maiki moja tukaiweka shibiri mbili kutoka kwenye vidole vyangu, nyingine mbali kule mlangoni.

Fundi wa sauti akavua hedifoni. "Mzee wangu, kuna waya unavuma."

Akabadilisha waya. Mvumo uko palepale. Akabadilisha maiki. Bado. Nikamwita nikamwonyesha tundu kwenye ubao wa ilimba, limezibwa kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake. Huo ndio unaovuma. Ukiutoa umebaki na sanduku la vyuma.

"Kwa hiyo hiyo kelele ni makusudi?"

"Marehemu Hukwe Zawose alizunguka nayo dunia, kijana wangu."

Sijui kama aliniamini. Ila alipochukua kitambaa afute vumbi, kwa nia njema kabisa, kidole kikautoboa.

Saa nane usiku watu wazima wawili tunamulika kuta za kanisa kwa tochi za simu, tukitafuta buibui. Wa pembeni wenye nyuzinyuzi hawafai. Namtaka yule bapa wa ukutani, anayebandika kifuko cheupe chembamba kama karatasi ya sigara. Tulikipata nyuma ya kabati, kitupu, vitoto vimeshatoka. Nikakibandua kwa ukucha polepole, nikalowesha kingo kwa mate, nikabandika, nikasubiri kikauke. Halafu nikagusa chuma kimoja kwa kidole gumba. Ikavuma.

Wimbo uliofuata tuliurekodi mara moja tu. Honi imo mwishoni. Fundi alitaka kuikata, nikamkatalia.

Juzi kanipigia simu kutoka kwake Mbagala. "Mzee, nimewaona wawili ukutani chumbani. Nisifagie?"