Injini ya Pijo 504 ya kwenda nayo kazini kila siku

Pijo (Peugeot) yangu ni 504 stesheni wageni ya mwaka 1982, injini ya petroli aina ya XN1, cc 1971. Kazi yake ni kunivusha kwa feri ya Likoni, Mombasa, asubuhi na kunirudisha jioni, na wikendi moja moja kunifikisha Voi bila kunitia aibu njiani. Hayo ndiyo niliyomwambia fundi kabla hajashika spana, na ndiyo niliyoendelea kuwaambia watu mpaka kazi ikaisha, maana kila aliyepita akaona boneti iko wazi alikuwa na injini yake kichwani.

Wa kwanza alitaka niing'oe nitie ya Toyota, kama wenye Pijo wengi walivyofanya. Wa pili alikuwa na kabureta ya Weber ya midomo miwili, ananiuzia kwa bei ya udugu. Wa tatu alinikumbusha mbio za magari za Safari Rally: Ove Andersson alishinda na 504 mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka 1978, na kabla yao Bert Shankland wa Tanzania na 404 yake, 1966 na 1967. Yote kweli. Lakini gari la Andersson lilikuwa na mafundi wanaolisubiri mbele. Langu linasubiriwa na foleni ya feri, jua la saa saba, injini ikinguruma papo hapo bila upepo. Injini ya namna hiyo unaijenga kwa ajili ya joto na maji kwanza. Mbio baadaye, zikibaki.

Dalili zilikuwa za kawaida. Moshi wa buluu ukiachia pedeli ya mafuta kwenye mteremko, oili ikipungua, rejeta ikitaka kujazwa kila mara bila tone kuonekana chini. Tulipopima kompresheni, yaani mbano wa ndani ya silinda, silinda mbili za katikati zilikuwa dhaifu kuliko wenzake, na zimekaa jirani. Mzee wangu wa gereji alitikisa kichwa tu. "Mwanangu, hiyo ni gasketi ya hedi imekatika baina yao. Lakini tusiishie hapo, tufungue tuone maji yamefanya nini."

Kufungua hedi ya injini hii kuna adabu yake. Bloku, mwili wa injini, ni ya chuma; hedi, kifuniko chake cha juu, ni ya alumini; na silinda si matundu yaliyochongwa ndani ya bloku, bali ni slivu nne, mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zilizosimama ndani ya maji, kila moja imekalia gasketi nyembamba chini yake. Hedi ikigoma ukaivuta kwa nguvu kwenda juu, slivu zinapanda nayo, gasketi za chini zinaachia, na maji yote yanaingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mzee aliitingisha hedi kwa pembeni mpaka ikaachia, kisha kabla hajafanya lolote akazibana slivu kwa bolti na washa kubwa. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo na slivu zote zinakwenda kutolewa. Akanijibu kwamba hataki krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ioge maji ya chumvi hata kwa usiku mmoja.

Na chumvi ilikuwepo. Wenyeji wa kisiwani wanajua maji ya visima vyetu yalivyo, na gari hili lilikuwa limenyweshwa maji hayo kwa miaka mingi, bila kulanti, ile dawa ya rejeta. Injini ya 504 imelala upande kwa nyuzi 45, kwa hiyo matope ya kutu yalikuwa yametua upande wa chini wa slivu, yamekauka, na tuliyatoa kwa kuyachokonoa na bisibisi. Kwa nje slivu zilikuwa na mashimo madogo madogo. Hedi ndiyo iliyoumia zaidi: chuma na alumini vikishirikiana maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na kingo za njia za maji zilikuwa zimelika karibu na pale gasketi inapobana. Watu hulaumu kilomita. Mimi nilichokiona ni kwamba kilomita zilichosha ringi za pistoni tu. Uharibifu uliobaki ulitokana na ndoo ya maji ya kisima.

Hapa ndipo Pijo inapokulipa kwa kuwa Pijo. Kwenye injini nyingi silinda zikilika unapeleka bloku kuchongwa, unatafuta pistoni za saizi kubwa, na ukishachonga mara kadhaa bloku imekwisha. Kwenye XN1 unanunua seti: slivu nne, pistoni nne, pini na ringi zake, vyote vipya na vimelinganishwa, kipenyo kilekile cha milimita 88 ilichotoka nacho kiwandani. Bloku yenyewe inabaki sanduku la maji. Sisi tuliisafisha mpaka chuma kikaonekana, hasa vile vikalio vya chini ambapo slivu inakaa, kwa sababu punje moja ya kutu ikibaki pale slivu inasimama mshazari.

Kazi yenye uzito kuliko zote ni kupima slivu zimechomoza kiasi gani. Zinatakiwa zipite uso wa bloku kwa kiasi kidogo sana, sehemu chache za mia za milimita moja, na zote zilingane. Zikizama, gasketi ya hedi haizibani, na utarudi kulekule kwenye gasketi iliyokatika. Gasketi za chini zinauzwa kwa unene mbalimbali kwa ajili hiyo hasa. Mzee aliweka slivu kavu, akapima kwa saa ya kupimia, akabadilisha gasketi, akapima tena, akabadilishana slivu mbili nafasi, akapima tena. Vijana wa gereji walimaliza chai na mahamri, wakaosha mikono, yeye bado anapima. Ukiona fundi anazipachika slivu za Pijo bila kupima, chukua gari lako uende.

Krenki sina mengi ya kusema. Ilichongwa saizi moja kwenye karakana ya mashine huko Shimanzi, ikarudi na beringi zake mpya, ikazunguka kwa mkono mmoja. Tulibadilisha cheni ya taimingi, sili zote na pampu ya oili. Kemu, inayofungua vali, ilipimwa, ikaonekana nzima, ikarudi.

Hedi ilijazwa kwa kuchomelewa alumini pale palipolika, kisha ikapitishwa mashine kidogo tu, kiasi cha kunyooka. Ukiipunguza sana unapandisha kompresheni, na injini ya foleni haitaki kompresheni ya juu. Itaanza kugonga mtu akikutilia petroli hafifu. Kuhusu petroli, nilikuwa na wasiwasi wa risasi, ile iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli na kulinda vikalio vya vali. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na wenye magari ya zamani walikuwa wakisema vali zitazama. Hedi ya alumini tayari ina vikalio vya vali vilivyopachikwa, kwa hiyo jambo lenyewe ni dogo: vikalio vya ekzosi vilivyochoka vinatolewa, vinapachikwa vya chuma kigumu, vali zinasagwa, basi. Zile chupa za dawa za kutia kwenye tangi sijazinunua.

Sasa feni, ambayo naipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye gari hili. Feni ya 504 haizungushwi na mkanda muda wote. Ndani ya puli ya wota pampu kuna sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi ya joto inapeleka umeme kupitia kaboni ndogo, sumaku inaikamata feni, nayo inazunguka pamoja na puli; maji yakipoa inaachiwa. Peugeot walikuwa nayo hata enzi za 404. Shida ni kwamba kaboni inakwisha, au swichi inakufa, na fundi wa haraka anaona bora aikaze feni moja kwa moja kwa bolti, izunguke daima. Yangu ilikuwa imefanyiwa hivyo. Ukiikaza hivyo gari linakwenda, lakini barabarani feni inakula nguvu na petroli bila faida, kelele juu yake, na beringi ya wota pampu inachoka mapema.

Tulizifungua bolti zile, tukasafisha uso wa sumaku, tukatia kaboni mpya na swichi mpya, kisha tukarekebisha mwanya kati ya feni na sumaku kwa zile skrubu tatu, huku tukipima kwa fila, vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Mwanya ukiwa mpana sumaku haivuti. Ukiwa mwembamba mno feni inasuguana hata ikiwa imezimwa. Nikaongeza taa ndogo kwenye dashibodi inayowaka umeme unapofika kwenye sumaku. Nikiwa kwenye foleni ya feri naiona inawaka, nasikia mvumo wa feni, halafu inazimika. Moyo unatulia.

Thamostati, vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, nayo ilikuwa haimo. Huku kwetu kila gari likichemka kitu cha kwanza ni kutoa thamostati, na likiendelea kuchemka haijulikani tena imetupwa wapi. Niliirudisha. Bila thamostati, ukiwa kwenye mwendo injini haifiki joto lake, petroli isiyoungua vizuri inaosha oili kwenye kuta za slivu, na ringi ulizozilipia zinakwisha. Rejeta ilifunguliwa ikasafishwa mabomba yake, na ndani ya mfumo mzima nilitia kulanti nusu, na nusu nyingine maji ya betri yanayouzwa petroli stesheni. Mombasa hakuna barafu, lakini kulanti si ya barafu tu. Ina dawa ya kuzuia kutu. Jerikeni ya mchanganyiko huo inakaa buti muda wote, ili asije mtu mwema akanisaidia na maji ya kisima.

Kabureta nilibaki na ile ya mdomo mmoja. Yangu ilikuwa imelegea shafti, nikanunua nyingine iliyotumika, kutoka Nairobi. Ilipofika tuliifungua tukatazama namba ya jeti kubwa, tundu linalopitisha petroli, ikawa ndogo kuliko ya kwangu. Nairobi iko juu, hewa nyepesi, kwa hiyo mafundi wa kule hupunguza petroli ili gari lisitoe moshi mweusi. Ukiishusha kabureta ile pwani bila kuigusa, hewa ni nzito na petroli ni chache, injini inaungua moto kupita kiasi. Nilihamishia jeti zangu za zamani.

Wakati wa kupanga waya za plagi kulizuka ubishi. Kwa Peugeot silinda namba moja iko upande wa flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, si upande wa rejeta, na kijana mmoja wa gereji hakukubali kabisa. Kichekesho ni kwamba mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na ukihesabu kutoka upande wowote unapata mpangilio uleule. Cha kujua ni silinda ipi inabana wakati huo, ya kwanza au ya nne. Mzee aliwaacha wabishane, akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akaagiza krenki izungushwe. Tapeti, yaani mianya ya vali, tukaziweka injini ikiwa baridi, milimita 0.10 vali za kuingiza na 0.25 za ekzosi.

Ilipowaka sikuiacha ikinguruma bure uani, ingawa kila mtu alitaka kuisikiliza. Ringi mpya zinataka mzigo ili zikae kwenye slivu. Mara tu tulipohakikisha presha ya oili iko sawa na hakuna panapovuja, nilishika njia ya Mazeras, nikipanda kwa mafuta ya wastani, nikishuka nimeachia, kasi ikibadilikabadilika, bila kuivuta mpaka mwisho. Oili ya kwanza niliimwaga baada ya kilomita 500. Ilikuwa na mng'aro wa vumbi la chuma, kama ilivyotarajiwa. Hedi ilikazwa tena ikiwa imepoa kabisa, bolti moja moja, na tapeti zikapimwa upya kwa sababu hedi ikikazwa zinasogea.

Gharama ilizidi ile ya kununua injini ya Kijapani ya mtumba, sitaficha, na yule bwana wa Toyota hakosi kunikumbusha. Sasa hivi moshi hakuna, rejeta haijaongezwa maji tangu kufungwa, na mshale wa joto unakaa pale pale hata feri zikichelewa. Kilichobaki ni giaboksi: gia ya pili inalia ikiwa baridi, na mzee ameshaniambia nisiiguse mpaka apate sinkromeshi, kifaa cha kuingiza gia bila kelele, asiyoitilia shaka. Amepiga simu kwa mtu wake wa Nakuru, tunangoja.