Lengelenge wiki ya marathoni: toa maji, ngozi iache

Zikibaki siku chache kabla ya Kilimanjaro Marathon, wakimbiaji wengi wanaangalia miguu yao kwa wasiwasi. Lengelenge limeota kisiginoni au pembeni mwa kidole gumba baada ya mazoezi marefu ya mwisho, mara nyingi kwa sababu ya raba mpya, na Jumapili kuna kilomita 42.195 zinasubiri. Hapo ndipo mtu anachukua wembe, anakata, anabandua ngozi yote ya juu, anabaki na kidonda chekundu kinachochoma hata soksi ikigusa tu. Kwa kitendo hicho cha dakika moja amejiharibia mbio. Ngozi ile ya juu ni bandeji inayozidi yoyote utakayoipata duka la dawa. Toa maji, ngozi iache palepale.

Ukilijua chanzo chake utalitibu vizuri zaidi. Unapokimbia, mfupa unakwenda mbele na nyuma ndani ya mguu, huku ngozi imeng'ang'ania soksi na kiatu. Tabaka za ngozi zinavutana maelfu ya mara, ya kati inachanika, na pengo linajaa majimaji. Ngozi yenye unyevunyevu hung'ang'ania kuliko kavu, kwa hiyo joto la Moshi mwishoni mwa Februari, pamoja na maji ya kujimwagia kichwani yanayochuruzika hadi kwenye raba, vinaongeza balaa. Chini ya majimaji hayo mwili huanza kujenga ngozi mpya ndani ya siku ya kwanza. Zikipita kama saa 48 kunakuwa na tabaka changa, na kufika siku ya 5 tabaka gumu la juu linakuwa limerudi. Kwa hesabu hiyo, lengelenge la Jumatatu na lengelenge la Ijumaa hayatibiwi kwa namna moja.

Kama ni Jumatatu au Jumanne na lengelenge ni dogo, chini ya milimita 5, haliumi, liache. Vaa ndala, punguza mazoezi, litanywea lenyewe. Likiwa kubwa, limevimba na linauma ukikanyaga, litumbue leo hii, usisubiri hadi Jumamosi. Litapasuka tu ndani ya kiatu, kwenye jasho na uchafu, na litapasuka vibaya. Ijumaa na Jumamosi kanuni ni ile ile, ila muda wa ngozi kushikana ni mfupi, hivyo kazi kubwa itafanywa na plasta.

Kutumbua kwenyewe kunahitaji vitu vichache: sindano mpya ya hospitali iliyo kwenye pakiti yake, namba 21 (kishikizo cha kijani) au namba 23 (cha bluu), povidoni aidini ya asilimia 10, gozi safi na plasta. Nawa mikono kwa sabuni. Osha mguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukaushe hadi katikati ya vidole. Paka aidini juu ya lengelenge na kulizunguka, kisha ngoja dakika mbili ikauke, kwa sababu inaua vijidudu kadiri inavyokauka. Ilaze sindano karibu sambamba na ngozi, iingie ukingoni mwa lengelenge, pale ambapo uzito wa mguu utayasukuma maji ukikanyaga. Toboa matundu matatu au manne. Wengi hutoboa moja, na hapo ndipo wanapokosea: tundu moja huziba upesi, maji yanajaa upya, na baada ya saa chache lengelenge limerudi kama lilivyokuwa. Kandamiza taratibu kwa gozi kutoka upande wa pili kuelekea kwenye matundu. Maji yanapaswa kuwa meupe au ya manjano hafifu. Ukiona ukungu, usaha au harufu, acha hapo hapo uende kituo cha afya.

Paka aidini tena, funika kwa gozi. Kisha, na hili watu wengi hawalifanyi, rudia kutoa maji hadi yafike mara tatu ndani ya saa 24 za kwanza: kwa mfano saa mbili usiku, saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana. Ngozi ya juu ikilala juu ya ile changa bila maji katikati, inashikana nayo, na maumivu yanapungua sana. Ukiona makunyanzi kidogo na hakuna maji yanayotoka ukikandamiza, limekubali.

Usipitishe uzi na kuuacha ndani ili maji yachuruzike. Uzi huo unawaingiza vijidudu moja kwa moja. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya taa visiguse kidonda kabisa. Spiriti itumie kwenye ngozi nzima inayozunguka, si kwenye nyama iliyo wazi. Lengelenge la damu ni afadhali uliache, maana uchanikaji wake ni wa ndani zaidi na njia ya maambukizi iko karibu na mishipa ya damu; likibana sana, akulitumbulie mhudumu wa afya. Mwenye kisukari asijitumbue nyumbani hata kama ni dogo. Na kama chanjo yako ya pepopunda ni ya zamani, wiki hii ni wakati mzuri wa kuulizia.

Lengelenge lililo chini ya sugu ni gumu kutibu kuliko yote. Maji yako chini sana, sindano haiyafikii vizuri, na ukichokonoa unajiumiza bure. Lifunike, ulipunguzie mgandamizo. Sugu yenyewe inapunguzwa kwa jiwe la kusugulia miguu wiki kadhaa kabla, tena kiasi, kwa kuwa sugu nyembamba inakulinda. Kucha nazo zikate siku nne au tano kabla, zisiwe na ncha.

Ikiwa ngozi ya juu imeshabanduka, osha, kata kwa mkasi safi vipande vilivyolegea na kufa tu, kisha weka plasta ya haidrokoloidi, ile nene inayofanana na jeli. Inafaa kwenye kidonda kilicho wazi. Usiibandike juu ya lengelenge ambalo ngozi yake ingalipo, kwani siku ya kuitoa itaondoka na ngozi.

Kufunga kwa ajili ya mbio fanya Jumamosi jioni, gundi ipate usiku mzima wa kushika, ulale na soksi safi. Mguu uwe mkavu, usiwe na Vaseline wala losheni. Weka kwanza kipande kidogo cha gozi isiyonata, kinachotosha kulifunika lengelenge tu. Kulizunguka, kwenye ngozi nzima, paka tinkcha ya benzoini, ile inayouzwa madukani kwa jina la Friar's Balsam. Isiingie kwenye kidonda, itakuchoma vibaya. Ikianza kunata kama baada ya dakika moja, bandika plasta ya zinki oksidi, ile ya kitambaa isiyovutika, iliyopita ukingo wa lengelenge kwa sentimita 2 kila upande. Kona zake zikate ziwe za mviringo, kwa maana kona kali ndizo soksi inaanza kuzikunja. Kisiginoni, vuta vidole vya mguu kuelekea juu kwanza ndipo ubandike. Kwenye unyayo, nyuma ya vidole, vitanue vidole. Kidoleni tumia vipande viwili, kimoja kipite juu ya ncha, kingine kizunguke bila kukaza, kwa sababu vidole huvimba mbioni. Kunjo moja tu la plasta litakuzalishia lengelenge jipya, kwa hiyo ukiliona, toa uanze upya.

Sehemu ambazo bado ni nzima ila huwa zinakusumbua, zifunge kwa plasta nyembamba ya karatasi. Ni rahisi mno, na utafiti wa Stanford uliochapishwa 2016, uliofanywa kwa wakimbiaji wa mbio ndefu za hatua kadhaa, ulionyesha inapunguza malengelenge kwa asilimia 40. Vaseline nayo husaidia mwanzoni, lakini kadiri muda unavyokwenda msuguano hupanda tena, hivyo anayeitegemea inabidi apake upya njiani.

Soksi za pamba tupu zinashika jasho. Vaa za polista au sufu nyembamba ulizokwisha kufanyia mazoezi. Kati ya kidole kirefu na ncha ya raba ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kamba zifunge hadi tundu la mwisho ili kisigino kisipande na kushuka, hasa kwa ule mteremko wa kurudi kutoka upande wa Mweka, kijiji kilicho juu ya mji wa Moshi, ambako vidole vinagonga mbele ya kiatu kwa kilomita nyingi mfululizo.

Jumamosi asubuhi, ukiwa umejifunga kwa majaribio, vaa kila kitu utembee na kukimbia taratibu kwa dakika 20. Ukichechemea, usikimbie Jumapili, maana goti na nyonga ndivyo vitakavyobeba kosa la mguu. Usimeze diklofenaki ili ufiche maumivu. Mwili uliopungukiwa maji pamoja na dawa hiyo ni hatari kwa figo. Wekundu unaotambaa, mstari mwekundu unaopanda mguuni, mitoki au homa, hayo ni mambo ya hospitali siku hiyo hiyo.

Njiani beba mfukoni vipande viwili vya plasta vilivyokatwa tayari na kipande cha gozi. Ukihisi sehemu inawaka, simama palepale, kausha, bandika. Maji jimwagie ukiwa umeinama mbele, yasishuke miguuni. Ukimaliza, using'oe plasta kwa haraka: loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, paka mafuta ya kula kwenye kingo, kisha ivute polepole huku umeibana ngozi kwa kidole kingine.