Kadi ya mtandao inapogoma kukabidhiwa kwa DPDK

Kazi yote ya DPDK (maktaba zinazoiwezesha programu kupokea na kutuma paketi bila kupitia kerneli) huanzia mahali pamoja: kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo, iiachie kadi ya mtandao, programu yako iishike yenyewe. Hapo ndipo wengi hukwama. Kwa wanaojenga ruta za programu au mitambo ya kuchuja trafiki kwa watoa huduma wa intaneti hapa Dar, lalamiko ni lilelile: amri imekubali, lakini testpmd, programu ya majaribio ya DPDK, haioni kitu. Mara nyingi amri yenyewe haina kosa. Kosa liko chini yake, kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), kundi la IOMMU (kifaa kinachodhibiti memori ambayo kadi inaweza kuigusa), ruhusa au memori. Kwa hiyo kagua kuanzia chini kwenda juu, na usifungue msimbo wa programu yako kabla ya kumaliza huko.

Usumbufu wote huu una hesabu yake. Kwenye laini ya gigabiti 10, paketi za baiti 64 zinaweza kufika milioni 14.88 kwa sekunde, yaani nanosekunde 67.2 kwa kila paketi. Prosesa ya GHz 3 inabaki na mizunguko kama 200 tu ya kuipokea, kuiamulia na kuituma. Njia ya kawaida ya kerneli haitoshi hapo kwa kiini kimoja, ndiyo maana inawekwa pembeni.

Kabla ya kugusa chochote, jua poti ipi inabeba SSH yako, yaani njia yako ya kuingia kwenye seva kwa mbali. Ukiikabidhi hiyo, umejifungia nje, na kama seva iko Posta na wewe uko Mbezi saa ya foleni, jioni yako imekwisha. dpdk-devbind.py, amri ya DPDK ya kuhamisha kadi kati ya draiva, hujaribu kukulinda: ikiona poti ina njia kwenye jedwali la ruti, huiandika *Active* na kukataa kuigusa mpaka uongeze --force. Usizoee kuongeza --force. Shusha poti sahihi kwa ip link set enp3s0f0 down, kisha rudia amri. Na ukiwa bado na kerneli, tumia nafasi hiyo: ethtool -p enp3s0f0 huwasha taa ya poti ipepese, aliyeko chumba cha seva akuthibitishie ni ipi, na ethtool enp3s0f0 itakuambia kama faiba inapokea. Kadi ikishahama, ethtool, tcpdump na ip link haviioni tena. Hilo si hitilafu, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Sasa anza kwa kuangalia:

dpdk-devbind.py --status
lspci -nnk -s 03:00.0

Amri ya kwanza inapanga kadi kwa makundi: zilizo kwa draiva inayofaa DPDK, zilizo kwa kerneli, na zisizo na draiva yoyote. Soma mwisho wa mstari wa kadi yako. Ukiona drv=ixgbe unused=vfio-pci, kadi bado iko kwa ixgbe, draiva yake ya kawaida ya kerneli, na moduli ya vfio-pci, ile inayoikabidhi kadi kwa programu, imeshapakiwa na inasubiri. Ukiona unused= haina kitu mbele yake, bado haijapakiwa, basi modprobe vfio-pci. Amri ya pili inakupa namba za utambulisho, mfano 8086:10fb kwa Intel 82599, na draiva inayoishika kwa sasa.

Kisha kabidhi:

dpdk-devbind.py -b vfio-pci 0000:03:00.0

Ikigoma na dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli) ikaandika "probe of 0000:03:00.0 failed with error -22", karibu kila mara maana yake ni moja: IOMMU haifanyi kazi, na vfio-pci haikubali kadi isiyo na kundi. Hapa kuna mitego mitatu, nayo inafuatana.

Wa kwanza ni BIOS. VT-x na VT-d si kitu kimoja. VT-x ni ya kuendesha mashine pepe; VT-d ndiyo IOMMU. Seva nyingi zilizokwisha tumika, ambazo ndizo wengi wetu tunazinunua, zinafika VT-x ikiwa imewashwa na VT-d ikiwa imezimwa. Kuona vmx ndani ya /proc/cpuinfo hakukuambii lolote kuhusu VT-d.

Wa pili ni kerneli. Kwa Intel, ongeza intel_iommu=on iommu=pt kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, endesha update-grub, washa upya, kisha hakikisha kwa cat /proc/cmdline kwamba maneno hayo yamefika kweli. Watu huhariri faili, wakasahau update-grub, wakapoteza saa nzima. Kwa AMD, IOMMU ikiwa imewashwa kwenye BIOS kerneli huitumia bila kuambiwa.

Wa tatu ndio unaodanganya hata wazoefu. Ukichungulia dmesg utakuta "DMAR: IOMMU enabled" na kuridhika. Mstari huo huandikwa kerneli inaposoma tu neno intel_iommu=on, hata kama VT-d imezimwa kwenye BIOS. Usiuamini. Angalia hapa:

ls /sys/kernel/iommu_groups

Zikitoka namba, IOMMU ipo. Ikitoka tupu, rudi BIOS. Hakuna ushahidi mwingine ninaoutegemea kwa jambo hili.

Kuna pia seva za zamani ambazo kukabidhi kunakubali, lakini programu inapofungua kadi dmesg inasema "Device is ineligible for IOMMU domain attach due to platform RMRR requirement". Maana yake BIOS imejitengea eneo la memori kwa ajili ya kadi hiyo, na kerneli inakataa kuiachia. Hakuna amri ya Linux ya kawaida itakayoliondoa. Tafuta mpangilio wa mtengenezaji wa seva wa kuzima hilo kwa sloti husika, au tumia sloti nyingine.

Tuseme makundi yapo na kadi imehamia vfio-pci, ila programu inalalamika kwamba "VFIO group is not viable". Kundi ni kipimo cha utengano: vifaa vilivyo kundi moja vinaweza kuwasiliana bila IOMMU kuona, kwa hiyo kerneli haikupi kimoja huku kingine kikiwa bado mikononi mwake. Angalia wenzake:

ls /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/iommu_group/devices

Ukikuta 03:00.0 na 03:00.1 pamoja, yaani poti mbili za kadi moja, ikabidhi na ya pili kwa vfio-pci au iache bila draiva. Daraja la PCI likiwa kwenye orodha, liache lilivyo, halizuii. Tatizo ni pale unapokuta kidhibiti cha diski humo. Hamisha kadi kwenye sloti nyingine, ikiwezekana inayokwenda moja kwa moja kwa prosesa. Utaona mtandaoni kiraka cha kerneli cha "ACS override" kinachogawa makundi kwa nguvu. Kinaandika kwamba utengano upo mahali ambapo haupo. Sikiweki kwenye seva inayobeba trafiki ya wateja.

Kwenye mashine pepe isiyo na IOMMU, ipo njia ya mkato: modprobe vfio enable_unsafe_noiommu_mode=1. Neno unsafe halikuwekwa kwa mapambo. Kadi inaweza kuandika popote kwenye memori ya mashine hiyo. Kwa maabara sawa.

Kuhusu uio_pci_generic na igb_uio, draiva mbadala za aina ya UIO, jibu fupi: achana nazo kama vfio-pci inapatikana. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli inaweza kukataa moduli za UIO, na igb_uio huwa unaijenga upya kila kerneli inapobadilika, maana tangu toleo la 20.11 imetolewa nje ya DPDK yenyewe.

Kadi za Mellanox ConnectX-4 na za baada yake zina sheria yao. Draiva mlx5_core hufanya kazi bega kwa bega na DPDK kupitia maktaba za rdma-core, kwa hiyo kadi inabaki kwa kerneli. Ukiikabidhi kwa vfio-pci kwa mazoea ya Intel, DPDK haiioni. Irudishe kwa mlx5_core, na hakikisha libibverbs imewekwa kabla ya kujenga DPDK.

Baada ya kukabidhi, jaribu kwa programu ndogo kuliko ya kwako:

dpdk-testpmd -l 0-2 -n 4 -a 0000:03:00.0 -- -i

"No probed ethernet devices" wakati kadi iko vfio-pci kwa uhakika mara nyingi inamaanisha draiva ya ndani ya DPDK haikupakiwa. Hutokea hasa DPDK ikijengwa kwa maktaba za pamoja: jaribu ldconfig, au itaje mwenyewe kwa -d librte_net_ixgbe.so. "Device or resource busy" inamaanisha mchakato wa zamani haujafa. Amri fuser -v /dev/vfio/23 itautaja, ukibadilisha 23 kwa namba ya kundi lako.

Ukiendesha bila root, mambo mawili huhitajika pamoja: umiliki wa /dev/vfio/23 na kikomo cha memori iliyofungwa (memlock). Kosa la "Cannot set up DMA remapping, error 12" huwafanya watu waongeze RAM, kumbe ni hicho kikomo. Na ukiweka unlimited kwenye /etc/security/limits.conf huku programu inaanzishwa na systemd, haisaidii; andika LimitMEMLOCK=infinity ndani ya faili la huduma.

Kurasa kubwa za memori (hugepages), ambazo DPDK huzitumia, nazo: 1024 za MB 2 ni GB 2, zinatosha kwa majaribio. Kwenye seva ya prosesa mbili, soma kwanza /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/numa_node. Ikisema 1, kadi imeungwa upande wa 1, basi kurasa na viini viwe vya upande huo. Kadi ikiwa upande mmoja na memori upande mwingine, programu inaweza kukimbia vizuri tu lakini kasi ikawa chini bila kosa lolote kuandikwa. Kasi ndogo pia huletwa na sloti: 82599 inahitaji PCIe 2.0 ya njia 8 (x8). Endesha lspci -vv na usome LnkSta, yaani hali ya kiungo. Ikisema Width x4, umebaki na gigabiti 16 kila upande, na kadi ya poti mbili za gigabiti 10 haitoshelezwi.

Mwisho kuna suala la umeme. devbind haikumbuki kitu. Umeme ukikatika, UPS ikaisha kabla jenereta haijashika, seva itawaka na kadi itarudi kwa ixgbe kana kwamba hukufanya lolote. Tumia driverctl:

driverctl set-override 0000:03:00.0 vfio-pci

Hii inakaa baada ya kuwasha upya. Kurasa kubwa ziweke kwenye mstari wa kerneli, hasa za GB 1, kwa sababu memori ikishatawanyika ni vigumu kuzipata. Kisha washa seva upya kwa makusudi kabla haijaingia kazini, na uangalie inavyoamka peke yake.

Tahadhari moja kwa driverctl: inakumbuka anwani ya PCI, haikumbuki kadi. Ukichomeka diski ya NVMe au kadi nyingine, namba za basi zinaweza kusogea, 03 ikawa 04, na iliyokuwa 02 ikawa 03. Ikitokea hiyo ya 02 ndiyo poti ya SSH, itahamia vfio-pci seva inapowaka. Endesha driverctl unset-override 0000:03:00.0 kabla ya kuzima seva kwa ajili ya kuongeza kifaa, na uirudishe baada ya kusoma lspci upya.