Kampala, skrepa na birika la bibi wa chai

Nimerudi Mwanza juzi na watu wananiuliza Kampala nilienda kufanya nini na begi la grenda na elektrodi, basi naandika hapa niache kurudia rudia.

Njia siku hizi raha tupu. Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa 2025 ile foleni ya kivuko imebaki stori, unavuka unaenda zako Geita, Biharamulo, mpaka Bukoba nikalala. Asubuhi basi la Mutukula. Pale Kyaka tunavuka mto Kagera mzee mmoja siti ya mbele akaanza kuwahadithia vijana jinsi jeshi la Amin lilivyolipua daraja 1978, na konda nae akawa anaongezea utadhani alikuwepo wakati sura yake inaonyesha hata Mkapa kamsikia redioni tu. Mpakani muhuri, Masaka, Lukaya basi linavamiwa na wauza nyama choma na gonja (ndizi za kuchoma), Ikweta pale Kayabwe dereva hakugusa hata breki, jioni Kampala na bodaboda zake.

Nilialikwa na makumbusho madogo ya mtu binafsi nje kidogo ya mji. Wasanii watatu mnakaa pamoja, mnapika pamoja, mnatengeneza sanamu moja kwa vitu vilivyotupwa. Mimi fundi wa kuchomelea, kuna dada kutoka Goma yeye anasuka nyaya na plastiki, na mzee wa Arua mtu wa miti na kamba. Kiswahili ndo kilituweka pamoja ingawa cha dada ni cha Kongo kabisa, na cha mzee kina harufu ya kambi ya jeshi, ukimuuliza kajifunzia wapi anacheka tu.

Vyuma tulifuata Katwe. Jamani Katwe! Kama wewe ni fundi nenda, watu wanakata mapipa, wanagonga majiko, masufuria, mageti, kelele mtindo mmoja na hakuna anayetupa kitu. Kisekka nako kwenye spea za magari tukapata cheni, springi, rejeta lililokufa, pistoni. Tunapima kwa kilo tunapakia.

Sasa kilichonichosha kikaanza. Mtunza makumbusho akasema kila kipande kabla hakijaguswa kiandikwe kwenye daftari, kimetoka wapi, kilikuwa cha nani, kilifanya kazi gani, halafu kinapewa namba kwa rangi nyeupe, vile vile wanavyofanya kwa ngoma na mikuki ya zamani. Nikasema bosi hii ni springi ya Toyota. Akasema ya Toyota ipi? Yuko serious kabisa. Tukaanza kurudi Katwe kuulizia, na mafundi walitushangaa mwanzo ila wakikaa kidogo wanaanza kuongea, hii ilikuwa ya gari la matoke kutoka Mbarara lilipinduka, hii ya takisi fulani, mpaka unajikuta umekaa saa nzima hujabeba kitu.

Ubishi mkubwa ulikuja kwa birika. Bibi jirani alikuwa anauzia chai mpaka likatoboka, akatupa bure. Mimi nilitaka kulipasua na grenda nipate uso wa sanamu, ile bati yake ilikuwa imekunjika vizuri mno. Dada akalikumbatia, "hili lina mwenyewe, haukati". Tukabishana mpaka ugali ukapoa. Mzee ndo akaamua, likae zima kifuani, lisichomelewe lifungwe kwa lubugo. Lubugo ni nguo ya gome la mutuba, wanalibandua wanaligonga kwa nyundo za mti mpaka linakuwa laini, na mti wanaufunga majani ya mgomba unaota gome jingine, haufi. UNESCO wameliweka kwenye orodha yao ya urithi. Kweli limependeza, nakubali, uso nikatengeneza kwa rejeta.

Ila bado nina langu. Tulitembea Makerere kuona ile sanamu ya War Victim ya msanii Francis Nnaggenda kwenye maktaba kuu ya chuo, gogo tu la mti, na unasimama pale bila kusoma chochote unaelewa huyu mtu kaumizwa. Huyu ndo alikuwa anachanganya mbao na vyuma zamani hizo kabla hatujazaliwa wengi wetu. Hakukuwa na daftari. Ya kwetu sasa wageni wakija wanainama kwanza wasome namba, hii ya nani hii ya nani, wakimaliza ndo wanainua macho wanaangalia sanamu sekunde mbili wanaondoka. Dada anasema hiyo ndo kazi yenyewe. Mimi naona tumejenga maktaba yenye miguu.

Bibi wa chai nae alikuja siku ya kuonyesha. Akalizunguka, akaligonga birika kwa kidole, akauliza kwa hiyo lina thamani? Mtunza akasema ndiyo mama, sana. Akasema basi nilipeni. Tulicheka lakini yeye hakucheka, ikabidi tuchange.

Mwakani wao wanakuja huku tufanye ya vitu vya uvuvi, nyavu, maboya, karabai. Kinachokosekana ni mashine ya boti iliyokufa. Mwenye nayo hapo Kirumba au Igombe asiuze kwa kilo kwanza, anitafute, na ajiandae kuulizwa maswali mengi.