Siku ya mechi, nilikuwa beki sasa ni kocha wa mabeki

Wengi wananiuliza tangu nimeacha kucheza hoki ya barafu nashindaje, maana wao wanamwona kocha kasimama nyuma ya benchi na suti yake, mechi ikiisha anapotea, basi wanadhani kazi ndio hiyo. Nimecheza beki wa kulipwa mpaka goti likagoma, sasa hivi ni kocha msaidizi na mabeki wote wako chini yangu. Nawaandikia siku ya mechi ya nyumbani, zile za kusafiri ni habari nyingine kabisa.

Saa 12 na nusu asubuhi
Laptopu kwanza, kutazama video ya mechi. Mechi ni dakika 60, vipindi 3 vya dakika 20, ila saa inasimama kila filimbi ikilia kwa hiyo kuitazama yote pamoja na mapumziko ni kama masaa mawili na nusu hivi. Hapo natakiwa nitoe klipu za dakika 6, zikizidi sana 7. Nilishakaa upande ule wa viti najua, kocha akizidisha video watu macho yapo kwenye skrini ila akili ilishaondoka zamani. Basi nakata, nakata tena, na kila ninayoitupa naona kama ndio ilikuwa ya maana.

Saa 2
Kikao cha makocha. Kocha mkuu, mwenzangu wa washambuliaji, kocha wa makipa na kijana wa video. Tunabishana nani acheze nani akae. Mabeki wanaoingia kwenye mechi kwa kawaida ni 6, jozi 3, na mimi ninao 7 wazima, kwa hiyo kuna mmoja lazima aangalie mechi kutoka jukwaani. Kumwambia ni kazi yangu. Siku zile nikicheza nilikuwa nachukia sana kocha anayezunguka, mara oh unafanya vizuri, mara oh vumilia, mwisho wake huchezi. Mimi namwita pembeni namwambia leo hauchezi, sababu ni hii, baada ya mazoezi tubaki barafuni mimi na wewe dakika 15. Huwa hajibu. Anatikisa kichwa anaenda kuvaa, na mazoezi mazima hanipi jicho, sawa tu, hata mimi nilikuwa hivyohivyo.

Saa 4 na nusu
Mazoezi mepesi ya asubuhi ya mechi, nusu saa haifiki. Jasho litoke kidogo, mikono ikumbuke paki, kile kisahani cha mpira mgumu tunachokipiga, makipa wapigwe mashuti, basi.

Kabla ya hapo napitia kwa mtunza vifaa kunolewa skeiti. Wasiojua ni kwamba chuma cha chini hakinolewi kama kisu, kinachongwa kamtaro katikati ili zibaki kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mtaro ukiwa na kina unang'ata barafu vizuri, unakata kona unavyotaka, ila unachosha miguu. Ukiwa wa juujuu unateleza bila nguvu nyingi. Nikicheza nilikuwa nataka wa kina, sasa nimeomba wa juujuu, goti linashukuru.

Leo nilikuwa na dogo mmoja ana kipaji balaa ila anarudi nyuma mno. Mshambuliaji akija na paki yeye anampisha tu, anampisha, mpaka mtu kashavuka mstari wa buluu wa kuingia eneo letu, anachagua kupiga au kutoa pasi. Nikamwonyesha klipu kwenye tableti palepale barafuni.

"Kocha, lakini si hakufunga."
"Hakufunga, ila kaingia bure. Nataka mkutane kabla ya mstari, kati yako na yeye isizidi fimbo moja."

Maana akibanwa pale kwenye mstari wenzake nao inabidi wafunge breki, wakitangulia ndani kabla ya paki ni ofsaidi, shambulio zima linakufa bila hata kumgusa mtu. Nikamvalia njuga, nikawa mimi ndio mshambuliaji, mara ya kwanza kanipisha, mara ya pili kanipisha, nikamwambia fimbo mbele, mwili baadaye, mara ya tatu kainyang'anya paki kiulaini kabisa. Hapo ndipo ukocha unaponitesa, hiki kitu mimi nilikuwa nakifanya bila kufikiria, mwili ulikuwa unajua wenyewe, sasa natakiwa nikiseme kwa maneno manne mtu akielewe huku anahema.

Saa 7 mchana
Wachezaji wanakula wanalala. Nilikuwa bingwa wa kulala siku ya mechi, siku hizi siwezi. Tunabaki ofisini na mwenzangu kwenye ubishi wetu wa siku zote, kwamba staa ndio anafaa kuwa kocha au la. Yeye ni mtu wa Rod Brind'Amour, alikuwa kepteni wa Carolina Hurricanes walipobeba Stanley Cup, kombe la NHL, ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, mwaka 2006, na tangu 2018 ndio kocha mkuu wao. Mimi namrudisha kwa Wayne Gretzky, hakuna aliyecheza kama yule, ila kawafundisha Phoenix Coyotes kuanzia 2005 mpaka 2009 na hawakufika hatua ya mchujo ya kuwania kombe hata msimu mmoja. Halafu kuna Jon Cooper, alikuwa wakili, NHL hajawahi kucheza, na kabeba na Tampa Bay 2020 na 2021. Hatukumaliza, hatumalizagi.

Saa 11 jioni
Uwanjani. Paki za mechi ziko kwenye friza tayari, zikiwa baridi hazidundidundi. Kikao kifupi na mabeki, klipu zangu, maswali mawili, natoka. Wakati huo chumba ni chao.

Saa 1 usiku
Benchi. Mkuu na mwenzangu wanapanga washambuliaji, mimi mlango wa mabeki. Nagusa bega wawili wanaofuata, zamu moja sekunde 40, 45, wanarudi wamekata pumzi. Kipindi cha kwanza dogo kakaba vizuri, 1-1.

Kipindi cha pili ndicho ninachokiogopa kila mechi. Timu zinabadilishana magoli ila benchi haihami, kwa hiyo goli letu linakuwa mbali na mlango wangu na beki aliyechoka hana njia ya karibu ya kutoka. Dakika zinaenda, jozi yangu ya pili imebanwa, wamechoka, mmoja kaipiga paki kutoka kwenye nusu yetu mpaka ng'ambo ya mstari wa goli lao. Aisingi. Na sheria ni kwamba ukifanya aisingi huruhusiwi kubadilisha wachezaji, waliopo ndio haohao, wenzenu wanaleta watu wapya. Nikabaki nimeshika mlango, mmoja wao keshainama mikono magotini, nikasema leo hapa ni goli, na kweli. Nikiwa mchezaji ningeruka ukuta nikazibe mwenyewe.

Tumefungwa 3-2.

Saa 3 na nusu usiku
Suti bado sijavua, dogo huyu hapa mlangoni anataka kuona zamu zake. Nikamwambia nenda kaoge ukale, kesho asubuhi.

Saa 5
Laptopu tena. Mkuu kanitumia meseji anataka kesho mazoezi yote ya mabeki yawe kutoa paki wakiwa wamechoka, bila aisingi, na jozi ya pili anataka kuivunja. Nimemjibu aliyekaa jukwaani leo arudi, amekubali. Sasa natafuta yupi wa kumpisha, nina majina mawili na klipu 19 za kupunguza.