Proksi inagoma mchana, jioni inarudi yenyewe

Watu wakisikia uko ughaibuni wanawaza theluji na makoti mazito. Ughaibuni kwangu mimi ni Sinza, Dar es Salaam. Kilichohama Mombasa ni makazi tu. Kazi imebaki kulekule, nafanya hesabu za kampuni inayotoa mizigo bandari ya Kilindini. Mfumo wao wa hesabu unamkubali yule tu anayeingia kwa anwani ya IP ya ofisini, yaani namba inayoutambulisha mtandao wa ofisi, kwa hiyo aliye mbali lazima apitie proksi ya ofisi, kompyuta ya kule inayopokea mawasiliano yake na kuyapeleka mbele kwa anwani ya ofisi. Programu ya proksi ikigoma, mimi sina kazi siku hiyo.

Na inagoma. Asubuhi inaunganika vizuri, mchana inazunguka na kuzunguka, jioni inarudi kana kwamba haijamkosea mtu. Uliza yeyote hapa Dar, jibu ni moja: “Mtandao huo dada, subiri utatulia.” Mie jibu hilo silikubali. Mtandao ukikatika kweli, hauchagui mtu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tulilia wote, mwenye proksi na asiyekuwa nayo. Lakini kama jirani yako anaangalia video bila shida na proksi yako imekwama, tatizo liko karibu zaidi. Ulizia linatokea saa ngapi na ukiwa wapi.

Chukua huo mgomo wa mchana. Wengi tunanunua bando la saa 24 lenye mafungu: MB za kawaida kidogo, na juu yake MB za WhatsApp na mitandao ya kijamii. Kampuni ya simu inajuaje kwamba hii ni WhatsApp? Inaangalia simu yako inazungumza na seva gani. Ukiwasha proksi, simu inazungumza na anwani moja tu, ile ya Mombasa, na kila kitu kinapita humo ndani. Kwa macho ya kampuni ya simu hiyo si WhatsApp wala Instagram, ni data ya kawaida, na inakatwa kwenye MB za kawaida. Zikiisha saa sita mchana, basi. Salio linaonyesha bado una MB tele, WhatsApp inafunguka ukizima proksi, ukiiwasha kila kitu kinakufa, nawe unailaumu programu. Jioni ukinunua bando jingine, proksi “inapona”. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, angalia salio fungu kwa fungu, usitazame jumla.

Mgomo wa pili ni wa mtu anayetoka nyumbani. Ndani uko kwenye Wi-Fi, unafika kituoni simu inahamia data ya laini, na anwani yake inabadilika. Programu nzuri inajiunganisha upya yenyewe. Nyingine inashikilia muunganisho uliokwisha kufa, huku imeandika “imeunganishwa” kwa rangi ya kijani. Washa hali ya ndege kidogo, uizime. Ikirudi hapo hapo, umeshajua ugonjwa. Hapa kuna mtego mwingine kwa wasiotumia programu, wale walioandika proksi kwenye mpangilio wa Wi-Fi wa Android: mpangilio ule ni wa Wi-Fi ile tu. Ukiingia kwenye data ya laini haupo, na mfumo wa ofisi unakufungia mlango.

Halafu kuna ile ya kukatika ukiwa umetulia. Umeiweka simu mezani ukala ubwabwa wako, ukiishika tena hakuna kinachopita. Hapa wahusika huwa wawili. Wa kwanza ni kampuni ya simu. Anwani za IPv4, zile za IP za mtindo wa zamani, hazitoshi, kwa hiyo wateja wengi wanawekwa nyuma ya anwani moja, na mitambo inaweka kumbukumbu ya nani anazungumza na nani. Ukikaa kimya inakusahau, kama konda anayesahau chenji yako mpaka umkumbushe. Proksi na VPN (njia ya siri inayopitisha mawasiliano yote ya simu hadi seva nyingine) zinazotumia UDP, njia ya kutuma data bila kufungua muunganisho rasmi, ndizo zinazosahauliwa upesi. Dawa yake ni programu kutuma kijipakiti kidogo kila baada ya muda. Watu wa WireGuard, aina mojawapo ya VPN, wanapendekeza sekunde 25, na sehemu ya kuandika namba hiyo imo kwenye programu yenyewe. Inakula data kidogo sana.

Mhusika wa pili ni simu yenyewe. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyolala inazibania programu za nyuma ili kuokoa betri, na baadhi ya watengenezaji wameongeza ukali wao juu ya huo, programu inauawa kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya betri, itafute programu ya proksi, uiondolee vizuizi. Kiokoa data nacho kiangalie. Kijana mmoja wa simu pale Aggrey, Kariakoo, alitaka tufute kila kitu kwenye simu tuanze upya, kwa malipo. Nilimshukuru nikaondoka.

Jingine ambalo watu hawalitegemei: programu nyingi za proksi zinajipitisha kwenye nafasi ya VPN ya Android, na nafasi hiyo inakaliwa na mmoja tu kwa wakati mmoja. Programu nyingi za kuzuia matangazo zinaitaka nafasi hiyo hiyo. Mmoja akiingia mwenzake anatolewa. Na ukiwasha hotspoti, kompyuta inayokula data hiyo kwa kawaida haipiti kwenye VPN ya simu. Iwekee ya kwake.

Kwa kuwa nimetaja VPN, mgeni mwenzangu, usisahau TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Oktoba 2023 walitangaza kwamba watu na kampuni zinazohitaji VPN kwa shughuli zao zijisajili, na mwisho ukawekwa tarehe 30 mwezi huo huo. Mwambie mwajiri wako alishughulikie kabla hujafungasha.

Kisa cha kunichekesha ni cha Mkenya mwenzangu anayekaa Kimara. Proksi yake haikuwa inagoma mara moja moja, iligoma moja kwa moja, siku ile ile aliyobadilisha simu, na mpangilio alikuwa ameunakili herufi kwa herufi. Seva yao inatumia VMess, lugha ya mawasiliano ya baadhi ya proksi, na VMess inataka saa ya simu na ya seva zisipishane zaidi ya sekunde 90. Saa za eneo hazina neno, Dar na Nairobi ni moja na hata zingetofautiana isingedhuru. Kinachoangaliwa ni muda wenyewe. Nikamwomba simu niangalie. Saa yake ilikuwa mbele kwa dakika kumi. Kumbe ameisogeza kwa makusudi, ili asiwe anachelewa basi la Mwendokasi. Tukairudisha ijipange yenyewe kutoka mtandaoni, proksi ikaunganika papo hapo. Dakika zake kumi amezihamishia kwenye saa ya ukutani, na Mwendokasi bado analikosa.